Hisa za benki inayoyumba: bei ya kutupa si bei nafuu

KILA soko la hisa linapochangamka, mjadala wa hisa za benki huchangamka pia katika maduka ya mitaa ya Kongo, Msimbazi na Aggrey. Wafanyabiashara ambao zamani walijua njia mbili tu za kukuza fedha, yaani kuongeza mzigo dukani au kununua kiwanja nje ya mji, sasa wana akaunti za hisa, na wengine hununua kwa simu kupitia Hisa Kiganjani bila hata kufika kwa dalali wa hisa. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini ndani ya mjadala huo kuna hoja moja isiyokwisha: benki yoyote ikipatwa na misukosuko na hisa yake ikashuka, hutokea kundi linalosema kwamba huo ndio wakati wa kununua.

Hoja ya kundi hilo si ya kipuuzi, na ina ushahidi wake. Hisa ya CRDB iliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa Sh. 150. Mwaka 2016 na 2017 faida ya benki hiyo ilishuka sana, wakati mikopo chechefu ilipozisonga benki nyingi nchini, na kufikia mwaka 2020 hisa ile ile ilikuwa ikipatikana kwa Sh. 95. Aliyeuza kwa hofu aliuza kwa hasara. Aliyenunua na kutulia aliiona ikipita Sh. 600 kabla mwaka 2024 haujaisha, mbali na gawio alilokuwa akipokea. Kwa mtu aliyezoea kupiga hesabu ya faida kwa doti moja ya kitenge, hesabu kama hiyo haihitaji karani.

Kundi la pili hujibu kwa neno moja tu: Yetu.

Yetu Microfinance Bank ilitokana na YOSEFO, asasi iliyokuwa ikiwakopesha vijana na akina mama kwa vikundi. Iliuza hisa kwa umma kwa Sh. 500, na Machi 2016 ikaorodheshwa katika dirisha la kukuza ujasiriamali la Soko la Hisa la Dar es Salaam. Tarehe 12 Desemba 2022 Benki Kuu iliiweka chini ya usimamizi wake kutokana na upungufu wa ukwasi na mtaji. Huduma zilisimama, na uuzaji wa hisa zake sokoni nao ukasimamishwa. Machi 2023 ikatangazwa kwamba mali na madeni yote ya benki hiyo yanahamishiwa NMB. Mwenye amana akawa amepata mahali pa kwenda kudai fedha zake. Mwenye hisa hakuwa na mahali hapo, kwa kuwa kilichohamishwa ni mali na madeni, na hisa haimo katika yote mawili.

Kwa hiyo makundi yote mawili yana mfano wa kweli mkononi, na ndiyo maana mabishano hayaishi. Tatizo ni kwamba wote wanabishana juu ya bei. Mmoja anasema bei imeshuka mno, mwingine anasema bado itashuka. Bei haiwezi kuamua ugomvi huo. Kinachoweza kuamua ni mtaji wa benki, na hilo ndilo jambo linalozungumzwa kidogo kuliko yote.

MALI KAULI NA MTAJI WA DUKA

Hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo asiyejua mali kauli. Mtu huchukua mzigo kwa mwenye duka la jumla, akauze, kisha arudishe fedha za watu. Akiwa na mtaji wake wa milioni 1 na mali kauli ya milioni 9, duka lake litaonekana limejaa mali ya milioni 10. Wapita njia watamwita tajiri. Lakini yeye mwenyewe, usiku anapofunga daftari, anajua kilicho chake ni milioni 1 tu, na kwamba mzigo wa milioni 1 ukiungua, ukiibwa au ukidoda hadi kutupwa, yeye hana kitu tena, hata kama duka bado linaonekana limejaa.

Benki ni duka la namna hiyo. Amana za wateja ni mali kauli. Mtaji wa wanahisa ndio mtaji wa duka. Majengo, mashine za kutolea fedha na matangazo barabarani havimwambii mwanahisa kilicho chake ni kiasi gani.

Ichukuliwe benki yenye mtaji wa Sh. 10 na amana za Sh. 90. Katika jumla hiyo ya Sh. 100, imekopesha Sh. 70 na iliyobaki imeiweka katika fedha taslimu na dhamana za Serikali. Sasa ikitokea kwamba katika kila Sh. 10 ilizokopesha, Sh. 1 haitarudi na hakuna dhamana ya kuuza, benki imepoteza Sh. 7. Mwenye amana bado anadai Sh. 90 zake zote. Mwanahisa ndiye aliyeshuka kutoka Sh. 10 hadi Sh. 3. Mikopo iliyopotea ni asilimia 10 tu, lakini imekula asilimia 70 ya mali ya mwanahisa. Ikipotea asilimia 15, mtaji wote umekwisha, na benki imeanza kula fedha za wateja.

Hapo ndipo maneno ‘bei ya kutupa’ yanapowapoteza watu. Kama hisa ya benki hiyo ilikuwa na thamani ya Sh. 500 vitabuni, baada ya hasara hiyo ya kwanza thamani yake ni Sh. 150. Anayeikuta sokoni kwa Sh. 250 anaona imeshuka nusu ya bei na anakimbilia kuinunua. Kumbe amelipa Sh. 100 zaidi ya kilichopo. Kitenge cha Sh. 20,000 kikiuzwa Sh. 10,000 ni nafuu iwapo kitenge ni kile kile. Kikiwa kimeliwa na panya, hiyo si nafuu tena.

Zaidi ya hapo, sheria imepanga foleni ya kulipwa benki inapofilisiwa, na mwanahisa yuko mwisho wa foleni hiyo. Mwenye amana ana Bodi ya Bima ya Amana, ambayo kiwango chake cha juu kwa miaka kilikuwa Sh. milioni 1.5, kabla ya kupandishwa mwaka 2023 hadi Sh. milioni 7.5. Hisa haina bima. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifungia kwa mkupuo benki tano kwa upungufu wa mtaji: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Kagera Farmers’ Cooperative Bank na Meru Community Bank. Baadhi yake zilikuwa benki za wananchi hasa, ambapo mteja na mwanahisa walikuwa mtu yule yule. Kwa amana yake mtu huyo alikuwa na foleni ya bima ya kusimama. Kwa hisa yake hakuwa na foleni.

UBAO ULIOKAA KIMYA

Wapo wanaosema mwekezaji mdogo hana haja ya kusumbuka na vitabu, kwa kuwa soko lenyewe litampa tahadhari: mambo yakiharibika, bei itashuka na yeye ataiona. Mfano wa Yetu unaivunja hoja hiyo moja kwa moja. Miaka sita baada ya kuorodheshwa, bei ya hisa hiyo ubaoni haikuwa mbali na ile Sh. 500 ya kuanzia. Mwanahisa aliyekuwa akichungulia bei tu aliona salama, mpaka mlango ulipofungwa.

Sababu yake ni rahisi. Yetu ilikuwa na takriban hisa milioni 12 tu sokoni. CRDB ina zaidi ya hisa bilioni 2.6. Hisa chache zilizo mikononi mwa watu wachache wasiouza huweza kukaa miezi bila kuuzwa hata moja, na ubao huendelea kuonyesha bei ya mara ya mwisho. Bei hiyo haikutokana na wanunuzi na wauzaji wa leo. Ni kumbukumbu tu ya biashara ya zamani. Ni sawa na kuuliza bei ya nyumba mtaani ukatajiwa ile iliyouzwa kabla ya barabara kubomoka.

Hasara ya pili ya ukimya huo ni kwamba hata aliyeona mapema hana pa kutokea. Kuuza kunahitaji mnunuzi. Mwenye hisa 5,000 za benki ndogo akitaka fedha ya kulipa kodi ya pango la duka wiki hii, anaweza kuambiwa na dalali wake asubiri, na kusubiri huko hakuna mwisho unaojulikana. Kwa mfanyabiashara ambaye mtaji wake unazunguka kila wiki, hilo peke yake lingetosha kumfanya afikiri mara mbili, hata kama benki ni nzima kabisa.

MASWALI MANNE KABLA YA KUTOA FEDHA

Benki zote nchini hutakiwa kutangaza hesabu zake kila robo mwaka, na nyingi huchapishwa magazetini ambako kila mtu anaweza kuzisoma. Mara nyingi kurasa hizo huishia kufungia maandazi. Ndani yake kuna mambo matatu yanayoweza kusomwa na yeyote anayejua asilimia, na la nne linahitaji kuuliza.

La kwanza ni mtaji. Kanuni za Benki Kuu zinataka mtaji wa msingi usipungue asilimia 12.5 ya mali zilizopimwa kwa hatari, ikijumlishwa na akiba ya tahadhari. Benki iliyo chini ya kiwango hicho ina mambo mawili mbele yake: kutafuta fedha mpya au kusubiri hatua za msimamizi. Yote mawili humgusa mwanahisa.

La pili ni mikopo chechefu. Kiwango kinachovumiliwa na Benki Kuu ni asilimia 5 ya mikopo yote. Mwaka 2017 na 2018 wastani wa sekta nzima ulikuwa umepita asilimia 10, kwa hiyo benki moja kuwa na asilimia 8 wakati ule haikuwa ajabu. Leo, wakati wastani wa sekta umeshuka chini ya asilimia 5, benki yenye asilimia 15 haiwezi kusingizia hali ya uchumi. Ugonjwa ni wake yenyewe.

La tatu ni ukwasi. Benki inatakiwa iwe na mali za kugeuzwa fedha haraka zisizopungua asilimia 20 ya madeni yanayoweza kudaiwa wakati wowote. Benki huweza kuwa na faida vitabuni na bado ikashindwa kumlipa mteja aliyesimama dirishani. Ikifika hapo, faida ya vitabuni haimsaidii mtu.

La nne ndilo zito kuliko yote: kama mtaji umepungua, nani ataleta mwingine, na kwa bei gani? Hapa ndipo wanahisa wengi wadogo hupoteza hata pale benki inapopona. Mfano mzuri uko jirani. Benki ya Taifa ya Kenya, ambayo wananchi walianza kuuziwa hisa zake mwaka 1994, ilitikisika vibaya mwaka 1998 kwa mikopo isiyolipika, na kwa miaka mingi iliendelea kuwa hai kwa mgongo wa wanahisa wakubwa, yaani Serikali na mfuko wa hifadhi ya jamii. Wapo walioshikilia hisa zake wakisubiri siku ya neema. Siku ilipofika, mwaka 2019, KCB iliinunua kwa kubadilishana hisa: hisa 10 za Benki ya Taifa kwa hisa 1 ya KCB. Na katika mpango huo hisa za upendeleo zaidi ya bilioni 1 za wanahisa wakubwa ziligeuzwa kuwa hisa za kawaida, wakati hisa za kawaida zilizokuwepo zilikuwa takriban milioni 340. Benki ilipona, wenye amana hawakupoteza kitu, lakini sehemu ya waliokuwa na hisa za kawaida ilipungua hadi chini ya robo ya ilivyokuwa.

Hapa nyumbani, DCB, iliyoanza mwaka 2002 ikiwa benki ya wakazi wa Dar es Salaam na kuorodheshwa mwaka 2008, imepita katika miaka ya hasara na imewarudia wanahisa wake zaidi ya mara moja kuomba waongeze mtaji. Mwalimu Commercial Bank, yenye makao yake Ilala, ilikusanya karibu Sh. bilioni 31 mwaka 2015 wakati lengo lilikuwa Sh. bilioni 25, kwa Sh. 500 kila hisa. Miaka yake ya mwanzo ikawa ya hasara na hisa ikauzwa chini ya bei hiyo kwa muda mrefu. Zote mbili zimebaki sokoni. Funzo lake si kwamba hazifai. Funzo ni kwamba anayenunua hisa ya benki ndogo lazima aweke kando fedha nyingine ya kununua hisa za nyongeza siku atakapoitwa, au akubali kwamba sehemu yake itapungua. Aliyetumia akiba yake yote siku ya kwanza hatakuwa na la kujibu.

Maswali hayo manne yakiulizwa juu ya mifano miwili ya mwanzo, ubishi wa makundi mawili unakwisha. CRDB ya mwaka 2017 faida yake ilishuka lakini haikugeuka hasara, hisa zake zilikuwa na wauzaji na wanunuzi kila siku, na nyuma yake walikuwepo wanahisa wakubwa, wakiwemo mfuko wa uwekezaji wa DANIDA na mifuko ya pensheni. Ilikuwa benki nzima iliyopata mwaka mbaya. Yetu ilikuwa na upungufu wa vitu viwili ambavyo benki haiwezi kuishi bila navyo, na hapakutokea mtu wa kuvileta kwa wakati. Kuziita zote mbili ‘hisa za benki zilizoshuka’ ni kama kumweka mwenye mafua na mwenye ugonjwa wa moyo katika kitanda kimoja kwa kuwa wote wanakohoa.

WAJIBU WA WASIMAMIZI

Lawama hata hivyo haiwezi kubebeshwa mwekezaji mdogo peke yake. Inaeleweka kwamba Benki Kuu haiwezi kupiga mbiu kila inapoitilia benki shaka, maana mbiu hiyo yenyewe huweza kuwafanya wateja wakimbilie madirishani na kuiua benki ambayo ingepona. Usiri huo humlinda mwenye amana. Lakini benki iliyoorodheshwa inauza hisa zake hadharani kila siku ya kazi, na yule anayenunua leo asubuhi ana haki ya kujua kile ambacho tayari kimechapishwa.

Jambo hilo halihitaji siri kuvunjwa. Takwimu za mtaji, mikopo chechefu na ukwasi tayari ni mali ya umma. Soko la Hisa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana wanaweza kuagiza takwimu hizo tatu ziwekwe kwa Kiswahili pembeni ya jina la kila benki, pale pale mnunuzi anapobonyeza kununua kwenye simu, pamoja na tarehe ambayo hisa hiyo iliuzwa kwa mara ya mwisho. Benki iliyo chini ya kiwango cha mtaji iwekewe alama. Muuza dawa hulazimika kuandika tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye kila kopo, na hakuna anayesema kwamba kufanya hivyo kunaharibu biashara ya dawa.

Madalali nao wana sehemu yao. Dalali hulipwa kamisheni hisa ikinunuliwa na hulipwa tena ikiuzwa. Hakuna ubaya katika hilo, lakini mteja asichanganye uchangamfu wa dalali na ushauri. Wanahisa wenyewe, kwa upande wao, wanapokutana katika mkutano mkuu wa mwaka wasiishie kuuliza gawio litatoka lini. Gawio linalolipwa na benki yenye mtaji mdogo ni kama kuchota mtaji wa duka kwenda kufanyia sherehe.

Kwa mwenye fedha yake leo, ushauri ulio wazi ni huu. Asinunue hisa ya benki kwa sababu imeshuka, na asiikimbie kwa sababu hiyo hiyo. Achukue hesabu za robo mwaka nne zilizopita, aangalie mtaji unapanda au unashuka, na kama unashuka atafute jina la atakayeujaza. Akikosa jina hilo, fedha yake ibaki kwenye mzigo wa dukani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la benki, tofauti na la jirani, huchapishwa kila baada ya miezi mitatu kwa yeyote anayetaka kulisoma.